Joka Lililopanda Peke Yake

Jirani yangu Mama Sikujua anadai kwamba Jumamosi iliyopita, kule kata ya Ng'ambo ya Reli, mbeba mizigo mmoja alipanda Ngazi ya Pili. Anadai alipanda mchana kweupe, watu wakitazama. Alirusha dadu, dadu ikazunguka mezani mpaka chai ikapoa vikombeni, na ilipotulia yule bwana akaanza kurefuka. Suruali ikabaki magotini. Mikono ikachomoza nje ya shati kama mihogo kwenye gunia fupi. Msimulizi wao akasimama, akampigia saluti, akamwambia, "Mheshimiwa, sasa nenda utakako." Na yule bwana akaenda. Hakurudi hata kuaga kuku wake.

"Ulimwona kwa macho yako?" nikamuuliza.

"Mimi nilikuwa nasonga ugali, nitamwonaje? Kaona wifi yake fundi redio. Na yule mama hasemi uongo, labda awe anaumwa jino."

"Jino linamuuma siku hizi?"

"Siwema, na wewe! Unauliza kama polisi. Nimekwambia kapanda, kapanda."

Nilimwamini nusu, nusu nyingine nikamwachia mwenyewe. Lakini miguu yangu haikungoja hesabu hiyo. Ilikwisha kunifikisha uani kwa Sikitu, mwenzangu wa mezani.

Msomaji wa mbali atashangaa: kupanda Ngazi ya Pili ni jambo gani hata mtu aache sufuria jikoni? Ngoja nieleze, si refu.

Jina la nchi yetu silitaji. Si kwa woga. Ni kwamba linabadilishwa mwezi ujao, na sitaki hadithi ichakae mapema. Zamani kidogo watu wa nchi hii walikuwa na tabia mbaya ya kuuliza. Waliuliza barabara iko wapi, dawa ziko wapi, mbunge yuko wapi. Serikali ikawa inaumwa kichwa. Ndipo Waziri wa Subira na Burudani akasafiri ng'ambo kutafuta dawa ya kichwa hicho, akarudi na sanduku kwapani. Ndani mlikuwa na ramani za milima isiyokuwepo, kitabu kinene cha kanuni, na dadu zenye pande ishirini.

Akahutubia taifa uwanjani.

"Ndugu wananchi! Kule nilikokwenda, nimewaona vijana wamekaa mezani kutwa nzima. Hawakudai kitu. Mmoja akasema, 'Navuka mto.' Na mto ukavukwa! Nawauliza, daraja lilijengwa? Halikujengwa! Saruji ilitumika? Hata kijiko! Mwingine akasema, 'Nimepona jeraha.' Na jeraha likapona! Daktari alikuwepo? Hakuwepo! Ndugu zangu, taifa litakalosafiri namna hii halitaishiwa mafuta."

Watu wakapiga makofi. Marehemu mama yangu alikuwa uwanjani siku hiyo, na alinisimulia kwamba alipiga makofi mpaka pete ikamtoka kidoleni, na hakuiona tena.

Basi kila kata ikapewa meza moja, wachezaji wanne, na Msimulizi mmoja kutoka juu. Msimulizi anawaeleza mnachokiona: hapa pango, pale mto, kule zimwi. Nyinyi mnasema mnafanya nini. Dadu inaamua kama mmeweza. Kila mchezaji ana mhusika wake, na mhusika ndiye anayetembea, mwenyewe umekaa. Jumamosi hadi Jumamosi tunakwenda Safari Kuu ya Taifa, kuelekea Mlima wa Moshi, ambako Joka limelalia Neema. Neema yenyewe ni kitu gani, kitabu hakisemi. Waziri alisema tutaijua tukiiona.

Sasa, habari ya ngazi. Katika kitabu cha asili, mhusika akishinda vita hupanda ngazi, akapata nguvu, akapiga zaidi. Kitabu kikapelekwa kwenye Kamati ya Tafsiri. Wajumbe wake walikuwa watumishi wa serikali ambao hawajapandishwa cheo tangu nywele zao zikiwa nyeusi. Walipofika kwenye sura ya kupanda, kalamu zikasimama. Mwenyekiti akavua kofia akauliza, "Yaani mtu aliyechorwa kwa penseli, kampiga panya wa penseli, apande? Na mimi je?" Mmoja alilia kidogo. Sura ikarukwa.

Lakini sura ya mazimwi waliitafsiri yote, neno kwa neno, kwa sababu hakuna mtumishi anayemwonea zimwi wivu. Ndiyo maana kwetu mashujaa hawapandi. Wanaopanda ni mazimwi.

Hilo peke yake tungelizoea. Taabu ni kanuni ya kuhama. Mhusika wako akiwa safarini, wewe mwenyewe hutoki kata yako, maana itakuwaje upinde uko mlimani na mpiga upinde yuko mji mwingine? Utaondoka mhusika wako akipanda Ngazi ya Pili, ambayo haikutafsiriwa. Au Safari ikiisha. Au mhusika akifa. Mwaka wa kwanza watu wengi sana walichagua kufa. Meza nzima nzima zilijirusha majabalini zikiimba. Serikali ikaona aibu, ikawakataza Wasimulizi kuua mtu. Ikaongeza kwamba meza itakayopoteza mtu, kwa namna yoyote, inarudi mwanzo: langoni mwa mji, asubuhi ya kwanza, kila kitu kama kilivyokuwa. Tangu hapo tunaishi salama salimini. Ukitumbukia shimoni, shimo lina godoro.

Meza yetu iko kwenye ofisi ya kata, iliyokuwa ghala la pamba, na mpaka leo ukipiga chafya nyuzi zinaruka. Mwenye upanga ni Mzee Lukindo, fundi baiskeli. Upanga wa Ngazi ya Kwanza, ukimpata adui barabara, adui anajikuna. Kiti cha pili ni cha Bi Havijawa, kiongozi wa kwaya, ambaye siku ya kugawa wahusika aliangukiwa na mchawi. Ilikuwa vita.

"Mimi? Mchawi? Mbele ya mchungaji?"

"Ni mchezo tu, mama," wakamwambia.

"Uchawi hauna mchezo! Mpe Lukindo, yeye hata Pasaka haji."

Kwaya ikatishia kunyamaza kimya mwaka mzima. Wizara ikasalimu amri, akaitwa Mtaalamu wa Mambo Yasiyoonekana. Uwezo wake ni mmoja, kulaza panya, na kwa miaka yote hii amelaza panya mpaka hata panya wa kweli wa ghala wakimwona wanapiga miayo.

Mimi ni mbeba mwenge, kiti nilichoachiwa na mama kabla hatujatoka langoni. Kazi yangu ni kumulika. Anayemulika haambiwi apigane, kwa hiyo hubaki na muda wa kutazama watu.

Na Sikitu ndiye mpiga upinde. Sikitu aliolewa na Chande, wa kiwanda cha chumvi, mwendo wa siku nzima kwa lori. Waliposhuka kanisani Wizara iliwapa pongezi na kumkumbusha bibi harusi kwamba upinde wake uko pangoni. Chande akarudi kiwandani peke yake. Huja sikukuu, akipata lori. Binti yao Tumu amekua hivyo hivyo, naye anadhani baba ni aina ya sikukuu. Huuliza, "Mama, mwaka huu Baba itaangukia siku gani?"

Nilipomfikishia Sikitu habari ya Mama Sikujua, alikuwa anafua. Alisimama, akaanua nguo kambani, mbichi zinachuruzika, akazikunja moja moja, akazipanga.

"Dada, hizo zitaoza," nikamwambia.

"Zitakauka njiani," akasema.

Tangu saa ile hakukaa akatulia. Aliosha vyombo visafi. Alifagia uwanja mpaka akafagia na wa jirani. Na si yeye tu, kata nzima ilishikwa. Watu walikuwa wanasimama milangoni wakitazama barabara, wanaingia ndani, wanatoka tena. Mzee Lukindo alikaza gurudumu la baiskeli ya mteja mpaka likakatika.

Jumamosi Sikitu alifika mezani wa kwanza. Bwana Mweta, Msimulizi wetu, akaingia akifuta miwani. Bwana Mweta cheo chake ni Msimulizi Msaidizi wa Muda. Muda wenyewe ni tangu Safari ianze. Ni mtu mpole, koti lake moja, na mlinzi wa ofisi humwambia, "Wewe, futa miguu."

"Bwana Mweta," Sikitu akaanza kabla hajaketi, "mimi napandaje?"

"Unapanda wapi, mwanangu?"

"Ngazi ya Pili. Ng'ambo ya Reli wamepanda."

"Aa." Akavaa miwani, akavua. "Hilo liko juu ya uwezo wangu."

"Nani yuko kwenye uwezo wako?"

Bwana Mweta akafikiri kweli, maana ni mtu mwaminifu. "Mazimwi," akasema.

Na ni kweli. Mazimwi yote huyasemea yeye, na hapo lazima nieleze jinsi tulivyofika mlimani bila kuwa na nguvu. Zimwi letu la kwanza lilitubana kwenye kichochoro. Dadu ya Mzee Lukindo ilikataa, mshale wa Sikitu ukaenda kwa Mungu, panya hawakuwepo wa kulazwa. Zimwi likafungua mdomo. Bi Havijawa, kwa mazoea tu, kama mtu aliyekutana na mkubwa njiani, akasema, "Shikamoo."

Bwana Mweta amelelewa. Kabla hajafikiri akajibu, "Marahaba, mwanangu."

Tukatazamana. Yeye mwenyewe akashika mdomo. Zimwi limeshaitikia, sasa litamlaje mtu aliyelisalimia? Tukaulizana habari za nyumbani. Likatuonyesha njia, likatusindikiza kidogo. Tangu hapo hiyo ndiyo silaha yetu. Tumepita mapango, mabwawa na makaburi kwa shikamoo. Ubaya ni kwamba kila zimwi tunaloliacha zima huhesabiwa limeshinda, na likishinda linapanda. Kwa heshima yetu tumeyapandisha mazimwi yote ya mlima ule.

Hasa Joka. Tulipolikuta mara ya kwanza lilikuwa mjusi mwenye hasira, urefu wake kama kiatu. Tukalisalimia, likaturudisha, tukazunguka, tukarudi, tukalisalimia tena. Sasa lina mabawa, moshi, mkia unaozunguka mlima, na vyeo ambavyo Bwana Mweta huvitaja vyote bila kushusha pumzi. Akilisemea Joka huvua miwani, mgongo unanyooka, sauti inatoka chini ya sakafu. Nasi sote tunasimama. Hata mlinzi husimama.

Uvumi wa Ng'ambo ya Reli ulifika Wizarani, na Wizara haikulala. Ilimtuma Mkaguzi Mkuu wa Usawa, bwana mmoja mwenye tumbo la utulivu, amebeba futi ya kushonea shingoni kama fundi cherehani. Kwa kuwa Mama Sikujua alidai mtu karefuka, Mkaguzi alikuja kuthibitisha kwamba hakuna mtu aliyerefuka. Wachezaji wote wa kata wakapangwa ukutani. Mama Sikujua, ambaye si mchezaji, akapangwa pia, kwa mdomo wake.

"Vua viatu," Mkaguzi akamwambia Mzee Lukindo. "Vua kofia. Hizo nywele zishushe."

"Nitazishushaje, mheshimiwa? Ndivyo zilivyoota."

"Zilowanishe."

Mzee Lukindo akapimwa, akakutwa amepungua. Mkaguzi alifurahi sana. Alimshika mkono, akamgeuzia kwetu. "Tazameni mzalendo! Wenzake wanatamani kupanda, yeye kwa hiari yake ameshuka!" Akaomba tumpigie makofi. Mzee Lukindo alisema mgongo unamuuma tangu masika, lakini makofi yalikuwa makubwa, hakusikika.

Kisha hotuba. "Uchunguzi umekamilika. Yule bwana wa Ng'ambo ya Reli hakupanda ngazi yoyote. Alisimama juu ya kigoda. Wananchi wasio na uelewa wakaona kapanda. Serikali yenu sikivu imechukua hatua."

"Na sasa yuko wapi?" Sikitu akauliza.

"Nani?"

"Huyo aliyesimama juu ya kigoda."

"Hayupo."

"Kaenda wapi?"

Mkaguzi akaikunja futi yake polepole. "Dada," akasema, "ndiyo maana tumechukua hatua."

Hatua yenyewe ilikuwa kukata miguu ya vigoda vyote vya ofisi za kata, nchi nzima, ili mtu asiweze kusimama juu ya kitu. Miguu ya meza haikuguswa kwa sababu haikutajwa. Sasa tunacheza tumechuchumaa karibu na sakafu, meza iko kidevuni, dadu tunairusha juu kama tunamtupia jirani ndizi ukutani. Mwenye kuona mezani vizuri ni Bwana Mweta tu, ambaye kiti chake ni cha Serikali.

Siku chache baadaye lori la chumvi likasimama mbele ya kwa Sikitu, na haikuwa sikukuu. Chande akashuka amevaa gamubuti, amekauka chumvi mpaka kwenye nyusi. Tumu akakimbilia ndani kutafuta gauni la sikukuu.

"Wametugawia nyumba," Chande akasema, hata hajakaa. "Nyumba za wenye familia. Vyumba viwili, jiko, bomba uani. Lakini mke lazima awepo ndani. Mwisho Jumatatu. Jumatatu nikionekana peke yangu, wanampa Mahundi, na Mahundi ana wake wawili, wamekwisha anza kuitazama madirisha."

Sikitu akaketi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona ameketi nyumbani tangu ile siku ya kuanua nguo.

"Safari yenu imefika wapi?" Chande akauliza.

"Pangoni."

"Mwaka juzi ulikuwa pangoni."

"Ni pango refu."

"Sikitu! Mimi namsubiri mke anayepigana na mjusi!"

"Sasa ni joka."

"Lilikuwa mjusi tulipooana!" Akavua kofia, chumvi ikamwagika. Akamgeukia Mzee Lukindo, aliyekuwa amekuja kusalimia mgeni. "Mzee, niambie wewe. Hili Joka nyie mnaliua lini?"

"Mwanangu," Mzee Lukindo akasema, "sisi tukilipiga linajikuna."

Chande akacheka, halafu akaacha kucheka, akainama akishika magoti. Tumu akatoka na gauni lake, kifungo kimoja mgongoni hakijafungwa, akauliza kama watachinja.

Alasiri ile Sikitu akatuita sote watatu uani kwake. Alikuwa anatembea huku anaongea, kutoka kwenye pipa la maji mpaka kwenye banda, anarudi.

"Nataka niliwe," akasema.

Bi Havijawa akajifunga kanga upya. "Uliwe na nani, mwanangu?"

"Na Joka. Bwana Mweta kakatazwa kuua, asiue. Lakini Joka lile ni Joka, kula ndiyo kazi yake. Likinila nimekufa, nikifa niko huru. Jumatatu nitakuwa kwangu."

"Na sisi?" Mzee Lukindo akauliza. Hakuuliza kwa hasira. "Ukiliwa, meza inarudi langoni. Asubuhi ya kwanza. Miaka yote ile, Sikitu. Mto ule tuliovuka, ule wenye mamba. Kijiji kile walichotupa uji."

"Najua, baba. Ndiyo maana nawaomba kwanza nyinyi."

Bi Havijawa alikuwa anahesabu kitu kwa midomo, nadhani ni panya.

"Hebu nikuulize, Lukindo," akasema mwishowe. "Langoni ulikuwa na nini?"

"Upanga."

"Na sasa una nini?"

Mzee Lukindo akafikiri. "Upanga."

"Ule ule?"

"Ule ule."

"Na mimi nililaza panya, na sasa nalaza panya. Huyu mtoto alibeba mwenge, anabeba mwenge." Akanionyesha kwa kidevu. "Tutakachopoteza ni kipi? Ni kule kutembea pamoja tu, na hilo tutatembea tena. Kwa hiyo nenda mwanangu uliwe, kwa jina la Bwana."

Mzee Lukindo akafuta macho kwa kitambaa chenye grisi, akabaki na mistari miwili myeusi kama mcheza ngoma. "Mimi nilizoea mishale yako ipite karibu na sikio langu," akasema. "Huyo watakayemleta sijui atakuwa anakosea upande gani."

Nami nikaulizwa. Nilisema ndiyo.

Jumamosi. Lori lilikuwa nje ya ofisi ya kata, limeelekea barabarani, Tumu kaketi mbele na gauni lake, Chande anazunguka anapiga teke matairi, kama anayeyapima upepo. Ndani tukachuchumaa kwenye vigoda vyetu. Bwana Mweta akatueleza tulipo: pango, ukungu, harufu ya kiberiti, na mbele yetu mlango wa mawe.

"Mnafanya nini?"

"Mimi naingia," Sikitu akasema. "Peke yangu."

Bwana Mweta akatutazama sisi. Hakuna aliyemkatalia. Akavua miwani akaiweka mezani. Mgongo ukanyooka, koti lake likawa kama limepata mtu mwingine ndani. Sauti ikatoka chini ya sakafu, vyeo vyote, bila kuvuta pumzi. Tukasimama. Mlangoni mlinzi naye akasimama.

Halafu Joka likangoja. Hapo ndipo pa shikamoo. Halijawahi kupitisha siku bila kusalimiwa.

Sikitu hakusalimia.

"Umesahau kitu, mwanangu," Joka likasema.

"Sijasahau."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hayo tuyaache leo. Nimekuja unile."

Nje lori likaunguruma likanyamaza. Bwana Mweta akainama, na kwa sauti yake mwenyewe, ile ya kufuta miguu, akanong'ona, "Sikitu, nimekatazwa."

"Wewe umekatazwa, Bwana Mweta. Mimi naongea na Joka."

"Watanifukuza."

"Watakufukuzaje kwenye kazi ya muda?" Bi Havijawa akasema. "Wamwite Joka ajibu."

Mlinzi akacheka, akajizuia. Bwana Mweta hakucheka. Alikuwa anatazama ile ramani, pale mlimani palipochorwa mkia, na kila tulivyopita yeye mwenyewe alikuwa ameuongezea pete nyingine kwa penseli.

"Wenzako wamekubali kurudi langoni?" akauliza.

"Wamekubali."

"Kila kitu kama kilivyokuwa?"

"Kila kitu."

"Na mimi..." Akainuka kitini. "Na Joka?"

Hapo ndipo tulipoelewa, sote kwa pamoja, na nadhani Sikitu alikwisha elewa siku nyingi na ndiyo maana alikuwa hatulii. Mzee Lukindo akatazama sakafu. Ni Bi Havijawa aliyejibu, kwa upole, kama anavyowaambia watoto wa kwaya kwamba wimbo utaimbwa na mwingine.

"Litarudi kuwa mjusi, baba."

"Urefu wa kiatu," Bwana Mweta akasema.

"Ndiyo. Kiatu."

Alikaa. Kiti chake cha Serikali kikalia. "Nyumbani kwangu," akasema, hatukujua anamwambia nani, "mke wangu huniuliza kila mwisho wa mwaka, 'Vipi, wamekupandisha?' Nami humwambia, nimepanda. Simwambii wapi. Siku ya mabawa alipika kuku." Akagusa miwani, hakuivaa. "Mnajua kazi yake, kuanzia kwenye kiatu? Mnanikuta kwenye jiwe, mnanisalimia, mnacheka. Mlicheka, msikatae. Ilichukua muda mrefu sana mpaka mtu asimame."

Tulicheka kweli.

Honi ikapigwa nje, fupi, kama mtu aliyeegemea kwa bahati mbaya. Ikapigwa tena, ndefu. Kupitia dirishani nikamwona Chande ameshika ufunguo wa nyumba mkononi, anaugeuza geuza, midomo inasema kitu peke yake.

Sikitu akazunguka meza. Katika miaka yote hatujawahi kuona mchezaji akizunguka meza. Upande ule ni wa Msimulizi. Akasimama mbele ya Bwana Mweta, karibu kabisa, kichwa ameinamisha na mikono amefumbata kwa heshima.

"Mheshimiwa Joka," akasema. Halafu akaacha vyeo. "Baba. Umekua mkubwa kuliko sisi sote, na kukua kwako tumekuona. Mimi nina mtoto anayemhesabu baba yake kwenye kalenda. Shuka kidogo, mimi nipite. Nile."

Bwana Mweta akachukua dadu. Akaiweka. Akamtazama mlinzi mlangoni, ambaye alikuwa bado amesimama wima, mikono ubavuni.

"Nile, baba," Sikitu akasema tena. "Nakuomba."

Mdomo wa Joka ukafunguka. Tukautazama sote, hatujui kama ni wa kula au wa kusema.